Spika Zilizougua Kila Masika

Kwa miezi mingi swali moja lilininyima usingizi: sauti ya Mzee Kalonga niliifuta mimi, au zilinifutia spika? Mtu mwingine angelijibu kwa dakika moja akaendelea na maisha yake. Mimi nilijaza kurasa kumi na nne za daftari. Upande wa kushoto niliandika makosa yangu, upande wa kulia makosa ya spika, na kila asubuhi nilihamisha kosa moja kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kurasa zilipoisha nilikuwa bado sijui.

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na watu wenye mvi na barua ya kustaafu. Mimi nina miaka ishirini na saba na shahada ya fizikia. Lakini kazi yangu ya kwanza imekwisha, niliiacha kwa miguu yangu mwenyewe, na kila mwezi hapa Mpanda kuna kijana anafungua studio chumbani kwake na kununua spika kwa ujinga uleule tulionunulia sisi. Nawaandikia nyie. Naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Siku ya kwanza kazini ilikuwa mwezi wa saba. Studio ilikuwa nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, kwenye chumba ambacho nusu yake ilikuwa stoo ya mwenye mashine. Kuta mbili, ule wa nyuma na ule wa kulia, zilikuwa zimejaa magunia ya mpunga kutoka sakafuni hadi karibu na bati. Kuta mbili zilizobaki zilibandikwa trei za mayai zilizopakwa rangi nyeusi. Mwenye studio alijiita Prodyuza Mkuu, ingawa hapakuwa na prodyuza mwingine wa kumfanya yeye awe mkuu. Nilimpa shikamoo, akanitazama kuanzia viatu.

"Wewe ndo yule msomi?"

"Ndiyo, bosi."

"Shahada ya nini?"

"Fizikia."

"Hapa hatusikilizi kwa shahada, dada. Hapa tunasikiliza kwa sikio. Shika kitambaa, futa vumbi spika zangu. Polepole, hao ni wanangu."

Wanawe walikuwa wawili, weusi, wenye koni ya inchi nane kila mmoja. Koni ni lile duara la mbele linalosukuma hewa; kadiri linavyokuwa kubwa ndivyo linavyoweza kutoa sauti nzito za chini. Zilikuwa zimekaa juu ya kreti za bia, zimesukumwa hadi kwenye kona, moja huku na nyingine kule. Chini ya meza alikuwa ameongeza sabufa ya sebuleni. Nilimuuliza kwa nini spika ziko kwenye kona.

"Ili zivume," alisema. "Mteja akiingia lazima kifua kimtetemeke. Kisipotetemeka anaenda kwa jirani."

Nieleze kidogo. Spika ya studio, ambayo wenyewe tunaiita monita, si ndugu wa sabufa. Sabufa imetengenezwa ikufurahishe. Inanenepesha besi, inang'arisha sauti za juu, na hata wimbo mbovu unaonekana umeoga. Monita imetengenezwa ikuambie kilichorekodiwa kama kilivyo, kiwe kizuri kiwe kibaya. Unaihitaji kwa sababu ya kazi inayoitwa kumiksi: kuzichukua sauti zote zilizorekodiwa, kila moja peke yake, na kuamua ipi ipande, ipi ishuke, ipi ikatwe na wapi, mpaka ziwe wimbo mmoja. Ukimiksi kwa kitu kinachokusifia, utaukata wimbo pasipo na kidonda.

Yote hayo niliyajua siku ya kwanza. Niliyasoma. Ndiyo maana nina hasira. Nilijua, na nilishika kitambaa nikafuta vumbi.

Lakini haki ya mtu nitampa. Prodyuza Mkuu alinifundisha jambo moja la kweli: spika huwashwa mwisho na huzimwa kwanza. Ukiziwasha kabla ya vifaa vingine, umeme unapoingia kwenye mashine zile, spika zinapiga kishindo, pah!, na siku moja kishindo hicho hupasua koni. Kwa jinsi umeme wetu unavyokatika na kurudi, somo hilo lilikuwa na thamani. Lingine lolote alilonifundisha nimelitupa.

Miezi ya kwanza kazi ilikwenda vizuri. Nyimbo zilizotoka studio zilisikika sawa kwenye simu, kwenye bajaji na kwenye redio. Nikaanza kuamini kwamba wasiwasi wangu ni ugonjwa tu. Kisha mvua zikakolea, mwezi wa kwanza ukafika, bei ya mpunga ikapanda kama kawaida, na mwenye stoo akaanza kuuza magunia yake. Malori yalikuja, yakaondoka. Sisi tulifurahi kupata nafasi ya kuweka kochi.

Wiki ileile Prodyuza Mkuu aliinua kichwa kutoka kwenye kompyuta akasema, "Zimeanza."

"Nini, bosi?"

"Spika. Huwa zinaugua masika. Unyevunyevu unaziingia kifuani. Sikiliza zinavyokoroma."

Kweli zilikoroma. Kila noti ya chini ilikuwa inavuma kama mtu anayepiga debe tupu. Alimwita fundi wake. Fundi alizifungua, akazianika kwenye mkeka siku jua lilipotoka, akabadilisha kifaa kimoja kidogo ndani, akatikisa kichwa kama daktari. "Zitachukua muda kupona," alisema. "Mpaka kiangazi." Na nikaambiwa kwamba ndivyo ilivyokuwa mwaka uliotangulia, na mwaka ule mwingine pia: zikiingia masika zinaugua, zikifika mwezi wa sita zinapona. Fundi alikuwa akisifiwa mji mzima kwa kuzitibu.

Mimi, mwenye shahada ya fizikia, nilishika tochi nikimmulikia.

Katikati ya ugonjwa huo ndipo kwaya ya Magamba ilipokuja kurekodi. Waliongozwa na Mwalimu wa Kwaya, mtu mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, na nyuma kabisa alikuwepo Mzee Kalonga, aliyekuwa akiimba besi katika kwaya hiyo tangu kabla wengi wao hawajazaliwa. Wimbo waliokuja nao ulikuwa na sehemu moja ambapo wote wananyamaza na yeye peke yake anashuka, ngazi kwa ngazi, mpaka chini kabisa, kisha wengine wanamfuata. Kabla ya kuingia alikuwa akijigonga pajani kwa vidole viwili. Tap, tap. Halafu sauti.

"Mzee, samahani," nilimwambia, "maiki inanasa hiyo tap tap."

"Inanasa?"

"Ndiyo. Unaweza kuiacha?"

Alijaribu. Akasimama na mikono nyuma, akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Wanakwaya wakacheka.

"Mwanangu," alisema, "huu ndio mlango. Nisipobisha siingii."

Nikamwacha abishe. Nilirekodi kila kitu, tap tap na yote. Sauti ile, nyie, nilipoisikia kwenye hedfoni nywele za mikono zilisimama.

Kumiksi kulikuwa vita. Kila Mzee Kalonga aliposhuka, chumba kizima kilivuma. Prodyuza Mkuu alisimama nyuma yangu akiwa na soda mkononi. "Mpunguze huyo mzee. Anafunika wimbo." Nikampunguza. "Bado. Kata huko chini." Nikakata. "Kata tena. Na hiyo tap tap ni uchafu, ifute." Nikafuta. Nilikata mpaka chumba kikatulia na wimbo ukasikika umekaa sawa, na nikasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, "Hapo safi."

Uzinduzi ulifanyika kanisani Magamba, watu wamejaa hadi nje. Mzee Kalonga aliwekwa kiti cha mbele, amevaa koti. Wimbo ulianza vizuri. Ilipofika sehemu yake kwaya ilinyamaza, na kilichobaki hewani kilikuwa kitu chembamba, kama mtu anayeongea kwenye simu mbovu chumba cha pili. Watu walidhani kipaza sauti kimekatika. Wengine waligeuka kumtazama. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kwa makini, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha.

Wimbo ulipoisha alinifuata polepole.

"Mwanangu, siku ile mimi nilikuja studio, au niliota?"

Jibu alitoa Prodyuza Mkuu. Mbele ya wanakwaya wote alinishika bega akasema, "Mtusamehe wazee wangu, huyu ndo aliyemiksi. Ana masikio ya shule. Mimi nilimwachia ajifunze." Watu wakacheka kwa upole, ule upole unaouma kuliko matusi. Hapo ndipo swali lilipoanza, na daftari likafuata.

Mwezi wa sita mavuno yaliingia. Vijana wa kupakua walijaza stoo siku mbili mfululizo, na Prodyuza Mkuu akatangaza kwamba spika zimepona. Mimi niliufungua wimbo wa kwaya. Nilitaka kujiadhibu, sina sababu nyingine. Nikausikiliza kwenye spika zilezile, kiti kilekile, na sauti ya Mzee Kalonga haikuwepo. Ilikuwa nyembamba vilevile kama kanisani. Spika zile ambazo mwezi wa pili zilinipigia kelele kwamba besi imezidi, sasa ziliniambia besi hakuna.

Niligeuza kichwa. Nikayatazama magunia. Yalinitazama.

Siku tatu baadaye mnunuzi mmoja alichukua magunia ya kona ya kulia. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sauti ya Mzee Kalonga ambayo haijaguswa, nimeiacha ijirudie kwenye spika. Kila gunia lilipotoka, kona ile ilianza kuvuma. Gunia moja, mvumo kidogo. Magunia kumi, debe. Wabebaji waliniona nalia, wakadhani nimefiwa.

Spika hazijawahi kuugua hata siku moja. Sauti za chini ni nzito, hazizuiwi na trei ya mayai, ambayo ni karatasi tu. Zinakwenda hadi ukutani, zinagonga, zinarudi, na zinajikusanya kwenye kona. Spika ikikaa konani yenyewe ndiyo kabisa. Magunia ya mpunga yalikuwa yakizimeza sauti hizo kiangazi chote, na yalipouzwa zikabaki zinazunguka bila pa kwenda. Mimi nilikuwa nikimkata Mzee Kalonga kwa kosa la ukuta. Miaka mitatu fundi alitibu wagonjwa wazima, na mganga halisi alikuwa gunia.

Kesho yake nilimweleza Prodyuza Mkuu. Nilimchorea hata mchoro. Palikuwa na wateja wawili kwenye kochi.

"Kwa hiyo," alisema, akiwageukia, "prodyuza wa hapa ni mpunga?"

Wakaangua kicheko.

"Prodyuza ni mimi na wewe, na wote tulidanganywa," nilisema. "Naomba nimiksi upya ule wimbo. Leo, kabla magunia hayajatoka."

"Nimeshafuta jana usiku. Kompyuta ilijaa."

"Umefuta sauti za kwaya?"

"Walishachukua wimbo wao. Na sikiliza, dawa ya hii kitu iko njiani. Naagiza inchi kumi. Kubwa! Hizi nane ndo tatizo, hazina nguvu ya kupambana na masika."

Nilisimama pale nikiwa na mchoro wangu. Nilikuwa nimekosea, na nilikuwa tayari kubeba kosa langu. Lakini mtu anayeonyeshwa ukuta kisha anaagiza kichwa kikubwa zaidi cha kuugonga, huyo siwezi kufanya naye kazi. Nilizima spika kwanza, kama alivyonifundisha, kisha vingine vyote, nikachukua mkoba.

"Nenda kalime basi," alinisindikiza, "maana mpunga umeuelewa."

Kituo changu cha pili kilikuwa redio moja ya hapahapa, nilikojitolea kwa miezi miwili. Mkubwa wangu aliitwa Fundi Mkuu, mtu asiyesema sana. Mezani kwake alikuwa na spika moja ndogo, mbaya, iliyofungwa waya shingoni. Nilimuuliza mbona anasikilizia hiyo wakati kuna kubwa nzuri kabatini.

"Hii inanikera," alisema.

"Sasa?"

"Spika inayokukera inakufanyisha kazi. Inayokufurahisha inakulaza."

Nililiandika hilo kwenye daftari, ukurasa wa kumi na tano.

Huko ndiko Mwalimu wa Kwaya alikonifuata, mwezi wa tisa. Sikutegemea. Alikataa kukaa.

"Mzee Kalonga tunamuaga kwenye kwaya mwezi wa kumi na moja," alisema. "Alipelekwa hospitali ya rufaa, wakamfanyia upasuaji wa koo. Amerudi mzima, lakini sauti haikurudi naye. Ananong'ona tu. Nilikwenda kwa bosi wako kuomba ile rekodi, ananiambia amefuta. Nimekuja kukuuliza wewe, binti. Kweli hakuna mahali popote ile sauti imebaki?"

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuusukuma mara tatu. Kila kitu nilichowahi kurekodi nilikiwekea nakala, na nakala yake, na nakala ya nakala, kwenye diski yangu iliyofungwa ndani ya soksi. Kwa mara ya kwanza maishani ugonjwa wangu ulikuwa na faida, na papo hapo nikapata wasiwasi mwingine.

"Ninayo," nilisema. "Lakini niliirekodi nikiwa kazini kwake. Sijui kama nina haki nayo."

Mwalimu wa Kwaya alikunja uso kama ameimbiwa noti mbaya. "Sauti ile ni ya Prodyuza, au ya Kalonga?"

"Ya Mzee Kalonga."

"Kalonga amenituma."

Basi. Nilikuwa na sauti, na nilikuwa na miezi miwili. Nilichokosa ni spika za kuiamini. Safari hii nikikosea, hakuna kurekodi tena. Koo limefungwa. Nilikuwa na akiba yangu inayotosha jozi moja, si mbili, na chumba kimoja nyumbani kwa mama, kijijini Mwamkulu, hatua tatu kwa hatua nne, bati juu.

Kijijini mpaka mjini nilikwenda na kurudi. Mwenye duka la vifaa, Bi Zuhura, alikuwa na jozi mbili: za inchi nane na za inchi tano. Niliuliza kuhusu tundu la kupumulia la spika, kama liko mbele au nyuma, kwa sababu yenye tundu la nyuma ukiiegemeza ukutani inatia besi ya uongo. Niliuliza kuhusu vitufe vya nyuma vya kupunguza sauti za chini. Niliuliza kuhusu waya, kama zinapokea ule wa nyuzi tatu usionasa mngurumo wa umeme. Nilipoingia mara ya tisa Bi Zuhura aliweka chini kikombe cha kahawa.

"Binti, hata mchumba hachunguzwi hivi."

"Mchumba akinidanganya nitaumia mimi, Bi Zuhura. Hizi zikinidanganya ataumia mzee wa watu."

Akanitazama vizuri. Nikamweleza yote, hadi magunia. Hakucheka. Aliwasha zile ndogo palepale dukani, na zilisikika tamu, safi kabisa. Nikanyoosha mkono kutoa pesa. Akanizuia.

"Usiniamini hata mimi. Tazama nyuma yako."

Nyuma yangu magodoro yalikuwa yamepangwa hadi darini. Anauza na magodoro.

"Hapa kila kitu kinasikika vizuri," alisema. "Chukua jozi zote mbili, kazisikilize kwenye chumba chako siku mbili. Utakayoikataa unirudishie haina mchubuko. Lakini uniachie kitu cha thamani."

"Sina kitu."

"Shahada unayo?"

Nilimpa bahasha yenye cheti changu. Aliifungia kwenye kabati la redio. Miaka yote tangu nihitimu, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ambayo cheti kile kiliifanya.

Mama alinikuta naingiza chumbani magunia ya pumba. Pumba za mpunga, yale maganda yanayobaki mashineni, hutupwa milima kwa milima na mtu yeyote anaruhusiwa kubeba. Ni nyepesi, zina hewa katikati, na nilikuwa nimekisia kwamba zitameza sauti kama mpunga wenyewe au zaidi, bila kusubiri bei ipande zikauzwe. Nilijaza magunia manane, mawili kwa kila kona, moja juu ya jingine.

"Ng'wanone," mama aliniita kwa Kisukuma, yaani mwanangu, kama anavyoniita tangu utoto, "wenzio wanajenga kwa tofali, wewe unajenga kwa pumba?"

"Naziba kona, mama."

"Na ndama atafungwa na nini?" Maana nilikuwa nimechukua kamba yake. Niliikunja sehemu tatu sawa, nikafunga mafundo. Fundo moja spika ya kushoto, la pili spika ya kulia, la tatu mahali pa kichwa changu. Spika mbili na kichwa lazima vifanye pembetatu yenye pande sawa, spika zimekugeukia, na zile koni ndogo za juu, zinazotoa sauti kali, zikae usawa wa masikio. Nilizipandisha juu ya tofali za kuchoma. Nilizisogeza mbali na ukuta kadiri chumba kilivyoruhusu.

Niliweka za inchi nane kwanza. Nakiri nilizitaka. Ni nzuri kutazama, na sauti ya Prodyuza Mkuu ilikuwa bado kichwani ikiniambia kubwa, kubwa. Mzee Kalonga aliposhuka, bati lilitetemeka na noti zake mbili za mwisho zikachanganyikana zikawa uji. Chumba kilikuwa kidogo mno kwa hewa ile yote, hata pumba hazikutosha. Nikaweka za inchi tano. Hazikutikisa kitu. Zilikuwa kavu, hazina maringo, zilinionyesha kila pumzi, na zilinikera. Lakini noti ziliachana. Niliweza kuhesabu ngazi alizoshuka.

Mama alikuwa mlangoni anasubiri kamba yake.

"Huyo mwanaume anayeimba yuko wapi?" aliuliza.

"Unamsikia yuko wapi?"

Akaonyesha katikati ya spika mbili, hewani, mahali pasipo na kitu. "Amesimama pale."

Bado nilikaa siku nzima ya pili nikibadilisha jozi, naandika, nafuta. Jioni nilirarua kurasa zote, zile kumi na nne na zilizofuata, nikazitia kwenye jiko la mama. Nikarudisha za inchi nane, nikalipa za inchi tano. Bi Zuhura alinipa bahasha yangu bila kuifungua.

Nyie mnaoanza, nisikilizeni kabla hamjaagiza chochote. Pima chumba kwanza, ndipo uulize inchi. Usinunue kwa kutetemeka kifua. Toa trei za mayai, wape wenye kuku. Jifunze spika zako kwa nyimbo unazozijua kwa moyo, kisha peleka kazi yako kwenye simu, kwenye redio ndogo, kwenye sabufa ya jirani, na zikipingana usikimbilie kukata, jiulize nani anadanganya. Na mtu akikuambia vifaa vyake vinaugua kwa majira, tazama kilichohamishwa chumbani. Hasira yangu kwa Prodyuza Mkuu haijapoa. Nimesikia za inchi kumi zimefika, na kwamba zimeanza kuugua nazo. Lakini iliyo kubwa zaidi ni kwa yule binti aliyeshika tochi, akijua, akanyamaza kwa sababu aliyekuwa anaongea alikuwa bosi. Huyo nimemstaafisha.

Wimbo niliumiksi kwa siku sita. Besi ya Mzee Kalonga niliiacha karibu kama alivyoitoa. Tap tap niliirudisha.

Siku ya kumuaga, kanisani Magamba, spika za ukumbi ziliongozwa na kijana mmoja mwenye miwani ya jua. Mzee Kalonga alikaa kiti kilekile, koti lilelile, leso shingoni. Aliponiona alinipungia mkono. Wimbo ukaanza. Tulipokaribia sehemu yake kila wasiwasi niliouchoma jikoni ulirudi mzima: labda ni nyembamba, labda ingefaa kuongezwa kidogo. Kijana wa mitambo naye aliwaza hivyohivyo, maana mkono wake ulikwenda kwenye kitufe cha besi.

Niliushika.

"Usiguse."

"Sista, hapa huwa tunaongezaga kidogo, ishibe."

"Imeshiba. Toa mkono."

Akatoa. Kwaya ikanyamaza. Kwenye kiti cha mbele Mzee Kalonga, bila kujua kama anafanya hivyo, aliinua vidole viwili akajigonga pajani, na palepale kutoka kwenye spika, juu ya vichwa vya watu wote, ikasikika tap, tap. Halafu ikashuka. Ngazi kwa ngazi, nene, tulivu, mpaka chini kabisa ambako mabenchi ya mbao yanaanza kuitikia. Hakuna aliyegeuka. Wote walimtazama yeye, na yeye alitazama mbele, mahali palepale katikati ambapo mama alionyesha.

Baadaye nilimsogelea kumpa mkono. Alinivuta chini hadi sikio langu likawa karibu na mdomo wake, kwa sababu sauti aliyobaki nayo haifiki mbali.

"Kumbe nilikuja," alinong'ona.